Nataka kuunda saa ya mkononi nyumbani: nianzie wapi?

*Swali: Shikamoo, fundi. Mimi ni mkereza vyuma, niko Mwanza, nina miaka 29. Mchana nakereza shafti na bushi za mashine za kusaga nafaka. Jioni nafungua saa mbovu za majirani, na baadhi zimerudi kutembea. Sasa nataka kutengeneza saa yangu mwenyewe ya mkononi, ya kujaza, isiyo na betri, kila kitu kwa mikono yangu humu chumbani. Nina kerezo dogo la mezani nililolipata kwa mtumba. Inawezekana? Nianze na nini? Nikifanikiwa, nataka isome saa za Kiswahili kama ya marehemu babu.*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana Kiswahili chetu kilinitega. Kwetu kutengeneza saa ni kuiponya iliyosimama, na ni hilohilo neno kwa kuizaa ambayo haijapata kuwepo. Ile ya kwanza ndiyo kazi iliyonilisha mimi na wanangu kwa zaidi ya miaka 30. Ya pili nimeifanya mara moja na nusu: moja inatembea, na hiyo nusu iko kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza yangu. Kwa hiyo humu nitasema "kuunda" ninapokusudia ya pili, tusije tukapishana.

Inawezekana. Ila ugumu wake hauko pale unapoutafuta. Wewe ni mkereza, nina hakika unaogopa gia. Gia zitakusumbua miezi miwili, mitatu. Kitakachokutoa jasho ni ncha ya chuma yenye unene wa milimita 0.1, na kabla hujaiweza hiyo, usijihangaishe kuchora saa.

Kwanza nikutajie watu wawili, ujue unaingia njia ambayo wengine wamekwisha kuipita. Mwingereza George Daniels alizaliwa mwaka 1926. Kwao hapakuwa na pesa. Alipotoka jeshini akajifunza ufundi saa kwa masomo ya jioni, akaishi kwa kukarabati saa za watu, baadaye saa za kale za thamani, na saa ya mfukoni ya kwanza aliyoiunda mwenyewe aliikamilisha mwaka 1969. Piga hesabu: alikuwa amepita miaka 40. Mfumo wa kuachia nguvu alioubuni, ule unaoruhusu magurudumu yaende jino moja moja, ulikuja kuingia kwenye saa za Omega mwaka 1999, na yeye akafariki mwaka 2011 huko Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland. Wengi humtaja Daniels ili kuwatisha wanafunzi. Mimi namtaja kwa sababu ya yale masomo ya jioni, na kwa sababu ya miaka yote aliyoitumia kuponya saa za wengine kabla ya kuunda yake. Hizo saa za majirani zako si kupoteza muda.

Wa pili ni Roger Smith. Akiwa kijana alijitahidi peke yake akaunda saa ya mfukoni, akaipeleka kwa Daniels aitazame. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba saa ile inaonekana mno kuwa imefanywa kwa mkono. Kijana akarudi nyumbani akaanza upya, na ya pili, iliyomchukua miaka, ikakubaliwa mwaka 1997. Hatimaye wakafanya kazi pamoja. Jibu lile lilinisumbua sana nilipolisikia mara ya kwanza. Sisi huku tukiona kitu kimepinda kidogo tunasema, ah, si unajua ni cha mkono. Kwenye saa hakuna udhuru huo. Mkono ndio unaofanya kazi, lakini alama ya tupa ikibaki pembeni mwa daraja, kile kipande kinachoshika magurudumu kwa juu, hiyo ni kazi ambayo haijaisha.

Sasa neno lako "kila kitu". Tulipunguze.

Kuna vitu vinne ambavyo hata mafundi wanaosifika kwa kuunda saa kwa mkono huvinunua, na hakuna anayewacheka. Cha kwanza ni kamani kuu, ile inayojazwa. Cha pili ni kamani ya mizani, ule utepe mwembamba kama unywele uliojikunja juu ya gurudumu linalochezacheza. Cha tatu ni mawe. Cha nne ni kioo. Kamani ya mizani nitaisemea kidogo, kwa sababu vijana wengi hudhani wataikata kutoka kwenye waya wowote. Ukiitengeneza kwa chuma cha kawaida, saa itachelewa karibu sekunde 10 kwa siku kwa kila nyuzi 1 ya joto inayopanda. Mchana na usiku wa Mwanza peke yake ungekupa dakika nzima na zaidi. Kilichotuokoa ni aloi za nikeli na chuma alizozichunguza Charles Édouard Guillaume, zikampa Nobel ya fizikia mwaka 1920. Kutokana na kazi yake zikapatikana kamani ambazo hazijali sana joto. Huwezi kuyeyusha aloi hiyo kwenye jiko la mkaa. Nunua.

Mawe nayo ni rubi za kutengenezwa, si za kuchimbwa. Tangu mwaka 1902, Auguste Verneuil alipotangaza njia yake ya kuzikuza kwa moto, rubi imekuwa kitu cha kiwandani. Saa ikiandikwa mawe 17, maana yake ni vipande 17 vya rubi, kila kimoja mahali ambapo chuma kingesuguana na shaba au chuma kingine na kukila. Utayapata madukani kwa vipimo: kipenyo cha nje, na kipenyo cha tundu.

Baada ya kuondoa hivyo vinne, kilichobaki ni bamba kuu (sakafu inayobeba kila kitu), madaraja, magurudumu, pinioni (gia ndogo za meno machache), ekseli, skrubu, mitambo ya kujazia, akrabu, uso na kasha. Kitakutosha, niamini.

Tufanye hesabu kidogo, maana humo ndimo gia zinapoacha kutisha. Gurudumu la kati huzunguka mara 1 kwa saa, kwa sababu ndilo linalobeba akrabu ya dakika. Gurudumu la nne huzunguka mara 1 kwa dakika, ndilo la akrabu ya sekunde. Kwa hiyo kati yao mwendo unapaswa kupanda mara 60. Meno 64 yakisukuma pinioni ya meno 8 unapata 8. Meno 60 yakisukuma pinioni ya meno 8 unapata 7.5. Zidisha: 60. Toka gurudumu la nne kwenda la kuachia, weka meno 70 kwa pinioni ya 7, mwendo unapanda mara 10. Gurudumu la kuachia lina meno 15 na kila jino hutoa mapigo mawili, basi mzunguko mmoja ni mapigo 30. Mizunguko 10 kwa dakika ni mapigo 300, na kwa saa ni 18,000. Hayo ndiyo mapigo 5 kwa sekunde unayoyasikia ukiweka saa ya zamani sikioni. Upande wa nguvu, pipa la kamani likiwa na meno 80 na pinioni ya kati 10, pipa huzunguka mara 1 kwa saa 8. Kamani ikifunguka mizunguko 5 tu, saa imetembea saa 40. Hesabu ya mtoto wa darasa la sita. Saa ilishapigiwa hesabu zamani. Tatizo ni kuifanya shaba itii.

Na kutii kwenyewe ni hivi: siku ina sekunde 86,400. Saa inayokosea sekunde 20 kwa siku, ambayo wewe ungeiona ovyo, imekosea sehemu 1 kati ya 4,320. Ile bushi yako ya mashine ya kusaga haijawahi kuulizwa swali kali namna hiyo.

Ushauri wangu ni huu, na nimeupata kwa kuukosa. Nunua mashine mbili za saa, yaani matumbo yake bila kasha, za aina ya Unitas 6497, au nakala yake ya Kichina inayoitwa Seagull ST36, ambayo bei yake ni ya mtu wa kawaida. Hii ni mashine iliyokuwa ya saa za mfukoni: kipenyo milimita 36.6, kimo milimita 4.5, mapigo 18,000 kwa saa, au 21,600 kwa baadhi ya matoleo. Ni kubwa, kila kitu kinaonekana, na madaraja yake hayakubananishwa. Moja utaifungua na kuifunga hadi uweze kuifanya huku umeme umekatika. Nyingine utaila, kipande kimoja kimoja, ukibadilisha cha kiwanda kwa cha mkono wako. Kila ukibadilisha kipande kimoja, mashine inabaki kuwa mwalimu: ikisimama, kosa ni la kipande ulichoweka jana. Mimi sikufanya hivyo. Nilianza na kila kitu kwa mpigo, nikajenga mashine nzima, nikaijaza, ikakaa kimya kama jiwe. Makosa yangu yalikuwa 9 au 10 kwa pamoja na kila moja likiwaficha wenzake. Hiyo ndiyo ile nusu iliyo kwenye kopo.

Kipande cha kwanza kiwe ekseli ya mizani, kile kijiti ambacho lile gurudumu linalochezacheza huzungukia, chenye zile ncha za milimita 0.1. Najua utasema nimeanza na kigumu. Ndiyo, makusudi: ukiishindwa hii utakuwa umepoteza vijiti vya chuma vya bei ya soda, hujapoteza mwaka.

Chukua kijiti cha chuma cha kaboni, kile cha rangi ya fedha kinachouzwa kimenyooshwa tayari. Kipashe moto kwenye kivuli, si juani, uone rangi: nyekundu ya nyanya mbivu. Weka sumaku karibu. Ikiacha kuvuta, ongeza moto kidogo tu, halafu kizamishe kwenye mafuta kikiwa wima, kisipinde. Sasa ni kigumu kama kioo na kitavunjika kama kioo. Kisugue hadi king'ae, kisha kipashe tena taratibu mpaka kigeuke bluu, karibu nyuzi 300. Hapo ndipo unapokikereza, kikiwa tayari na ugumu wake. Mkereza wa mashine za kusaga huwa anakereza kwanza na kugumisha baadaye. Huku ni kinyume, maana ncha ya 0.1 ukiitia motoni itapinda na hutakuwa na pa kuishika.

Kisu chako kiwe kikali hadi kinyoe malaika za mkono. Funga kijiti kwenye koleti, kile kibanio kinachokikumbatia pande zote, si kwenye kibanio cha taya tatu. Taya tatu hata mpya haziwezi kushika kati kwa usahihi tunaoutaka. Keti, egemeza viwiko mezani, lenzi jichoni, na ukate kwa kisu cha mkononi juu ya kiegemeo. Usitumie kisu kilichofungwa kwenye mashine. Mwanzoni utaona ajabu, lakini vidole vinasikia chuma kabla jicho halijaona. Kisu kikikata vizuri hutoa nyuzi laini zinazojikunja. Kikianza kutoa vumbi na mlio mwembamba, simama, kinoe. Kadiri unavyokaribia kipimo ndivyo utakavyotamani kumaliza haraka, na hapo ndipo ncha inapokatika: husikii chochote, unaona tu mahali palipokuwa na ncha pamekuwa bapa. Acha sehemu mbili au tatu za mia za milimita, umalizie kwa kusugua na bamba la chuma gumu lililokwaruzwa kidogo na kupakwa mafuta. Kusugua huku hakuondoi chuma sana, kunakikandamiza, na uso unaobaki unang'aa mweusi kama maji ya kisima.

Maikromita itakusaidia kufika karibu, ila hakimu ni jiwe lenyewe. Shika jiwe kwa kibano, liingize kwenye ncha. Likiteremka kwa uzito wake na kuinama kidogo tu upande, ni sawa. Likisita, bado. Likiyumba kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto, umepita; anza nyingine. Zitengeneze 10. Saba za kwanza ni za kutupa.

Swali la kerezo lako dogo: lina koleti? Kama halina, tafuta zile nyembamba za kerezo la mafundi saa, za milimita 8, na adapta. Hata usipozipata usikate tamaa. Mafundi saa wa Ulaya kwa karne nyingi walikereza ekseli kati ya ncha mbili zisizozunguka, kazi ikiendeshwa na upinde, mkono mmoja unavuta upinde na mwingine unashika kisu. Ukiwaza vizuri ni keekee ileile ya maseremala wetu wa pwani, ile iliyotoboa milango ya Lamu na Unguja, imepunguzwa hadi ikaenea kiganjani. Haihitaji umeme, na kwa sababu kijiti kinazunguka kati ya ncha mbili, hukifungui na kukifunga, usahihi haupotei. Ninayo moja na bado naitumia kwa ncha za mwisho.

Ekseli ikikubali, nenda kwenye madaraja, kisha bamba kuu. Tumia shaba ya manjano, ile wanayoiita brasi, aina yenye risasi kidogo ndani, inayokatika vumbi fupi bila kung'ang'ania kisu. Hapa ndipo mashine ya pili inapofaa: toa mawe kwenye bamba lake, libane juu ya bamba lako, matundu yake yawe mwongozo wa keekee. Toboa bamba na daraja vikiwa vimebanwa pamoja, ndiyo matundu ya juu na ya chini yatazamane. Tundu la jiwe liwe dogo kuliko jiwe kwa sehemu moja ya mia ya milimita, jiwe lisukumwe kwa shinikizo, lisigongwe na nyundo kamwe. Acha ekseli icheze kidogo juu na chini, kama milimita 0.03. Ukibana kabisa, saa itatembea mezani na kusimama mkononi.

Magurudumu sasa. Utahitaji kugawa duara kwa 60, 64, 70. Kerezo nyingi za mafundi saa zina matundu 60 nyuma ya kichwa, kwa hiyo 60, 30, 15 na 12 umezipata bure, na lile gurudumu la kuachia la meno 15 limo humo. Za 64 na 70 tengeneza sahani yako. Siri ni ukubwa. Kata duara la bati au mbao ngumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, chora migawanyo kwa kompyuta, bandika, toboa. Tuseme mkono wako umetetereka milimita 0.2 kwenye ukingo wa sahani. Kwenye gurudumu la saa lenye nusu kipenyo cha milimita 5, kosa hilo limeshuka hadi 0.01. Umbali umekula kosa lako. Nilipolielewa jambo hili nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimetafuta sahani ya kununua kwa miezi.

Jino unalikata kwa kisu kimoja kinachozunguka, ulichokinoa mwenyewe kufuata umbo la uwazi kati ya meno mawili. Kwa gia za moduli 0.15 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), gurudumu la 64 na pinioni ya 8 vinakaa umbali wa milimita 5.4 kati kwa kati. Hiyo ni nadharia. Gia ulizokata kwa mkono zina umbali wao wenyewe. Kwa hiyo kabla hujatoboa bamba jipya la mchoro wako, vishike viwili hivyo kwenye kifaa chenye ncha nne sambamba, visogeze taratibu huku ukizungusha kwa kidole. Kuna mahali vinakwaruzana, kuna mahali vinalegea na kuruka, na katikati kuna mahali vinateleza kama vimepakwa siagi. Hapo funga skrubu, na kwa ncha za kifaa hichohicho chora upinde kwenye bamba. Kifaa hicho unaweza kukiunda mwenyewe. Kwa mtu wa ujuzi wako ni kazi ya siku nne.

Pinioni ni za chuma, zigumishwe na kila jino ling'arishwe. Ni kazi ya kuchosha na sina la kuipamba.

Nanga, yaani kile kipande kinachoshika na kuachia gurudumu la meno 15, na gurudumu lenyewe, viache vya kiwandani kwa saa yako ya kwanza. Mfumo huu aliubuni Thomas Mudge huko London katikati ya miaka ya 1750, na tangu hapo umeboreshwa na vizazi vya watu wasiokuwa na kazi nyingine. Mawe mawili ya nanga hukaa kwa pembe ambazo kosa lake halionekani hata kwa lenzi. Nanga niliyoiunda mimi ilifanya kazi, ila saa ilitembea kama mzee anayepanda ngazi. Fanya hiyo kwenye saa ya pili.

Skrubu zako zigeuze bluu, zitakufurahisha baada ya taabu yote hiyo. Ng'arisha kichwa, osha mafuta yote, usikiguse tena kwa kidole. Weka vumbi la brasi kwenye kijiko cha shaba, chomeka skrubu humo kichwa juu, washa taa ya spiriti chini. Utangoja, utangoja, halafu rangi zinakuja zikifukuzana: njano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, na ghafla bluu ya bahari kina. Toa papo hapo. Ukichelewa pumzi mbili inakuwa kijivu, na itabidi usugue uanze tena. Alama ya kidole hubaki kama doa la kudumu.

Mambo madogo yanayoua kazi kubwa: simu yako usiiweke mezani. Spika yake ina sumaku, na kibano chako kikishaingia usumaku, kamani ya mizani itashikamana mikunjo na saa itakimbia dakika kadhaa kwa siku ukitafuta mchawi. Jasho pia. Sisi wa pwani chumvi ya hewani inatula. Masika moja niliacha pinioni sita zilizong'arishwa juu ya kitambaa, nikasafiri siku tatu, nikakuta zina madoa mekundu kama surua. Wewe una afadhali ya ziwa, lakini kila jioni weka vipande kwenye kichupa chenye kifuniko. Na mafuta ya cherehani usiyatie humo, hata aliyekufundisha akikwambia yeye hutia. Yanatambaa, yanakauka. Mafuta ya saa ya sintetiki, tone lisiloonekana bila lenzi, kwenye mawe. Meno ya magurudumu hayapakwi.

Ikishatembea, ipime. Zamani ilihitaji mashine ya gharama. Sasa kuna programu za simu zinazosikiliza mapigo. Chukua kile kipaza sauti kidogo bapa kinachobanwa kwenye gitaa, kishikanishe na saa, kwenye chumba kimya. Utaona inakimbia au inachelewa kiasi gani, na mizani inazunguka nyuzi ngapi kwa kila upande. Ikilala kifudifudi na kujazwa sawasawa, nyuzi 270 hadi 300 ni afya njema. Chini ya 200 nguvu inapotelea njiani. Rudi kwenye gia na zile ncha. Pima ikiwa imelala, imesimama, na kifundo cha kujazia kikiwa chini. Saa yangu inayotembea huchelewa sekunde 25 ikiwa imelala na 40 ikiwa imesimama. Naivaa Ijumaa.

Kasha sitalisemea, mkereza hafundishwi kukereza pete. Sonara yeyote mtulivu atakuonyesha kuchomelea masikio ya mkanda.

Muda? Ukipata muda wa saa mbili kila jioni, mwaka wa kwanza utaisha na ekseli na madaraja. Miaka mitatu kwa kuunda saa yote ni mwendo mzuri kwa mtu mwenye kazi na familia.

Nimalizie na babu yako. Umeniuliza kana kwamba saa ya kusoma Kiswahili inahitaji gia tofauti. Haihitaji hata skrubu. Vuta kifundo, rudisha akrabu nyuma saa 6, basi: jua likichomoza saa kumi na mbili, akrabu iko kwenye 12, na saa moja asubuhi iko kwenye 1. Huenda babu alifanya hivyohivyo kwa saa ya dukani. Lakini kwa kuwa uso unauchora mwenyewe, kuna njia ya pili ambayo hakuna duka litakuuzia: acha akrabu zitembee kama za watu wote, ila andika namba zikiwa zimegeuka, 6 ikae juu na 12 ikae chini. Hapo mtu akitupia jicho mkono wako kwa mbali anaona akrabu mahali alipozizoea, na akisogea kusoma anakuta Kiswahili. Miguu ya uso, vile vijiti vya nyuma vinavyoushika kwenye bamba, ipange kufuata matundu ya bamba, si kufuata namba. Mimi nilisahau hilo, nikachomelea miguu upande usio wake. Ukichagua 6497 akrabu ndogo ya sekunde itakaa upande wa kushoto. Ukitaka ikae chini, karibu na hiyo 12 yako, agiza 6498.